Pete za Buluu Kwenye Taa za Wavuvi

Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kumeza amiodaroni, kidonge kimoja cha miligramu 200 kila asubuhi, kwa sababu vyumba vya juu vya moyo wangu vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga. Tangu nianze, ninapanda mlima kutoka nyumbani Nguba, mtaa wa Bukavu, hadi shuleni ninakofundisha bila kusimama njiani. Ninayotaka kueleza ni habari ya macho, pamoja na mashauri mabaya niliyopewa na watu wanaonipenda.

Ilikuwa yapata mwezi wa nane wa matibabu. Usiku mmoja usio na mwezi niliketi barazani nikitazama Ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakiwa wamekwisha kuwasha taa zao, nikaona kila taa imezungukwa na pete ya buluu inayokaribia kijani. Nilifuta miwani kwa upindo wa kitenge, nikanawa uso, nikarudi. Pete zilikuwa palepale. Nilipoingia ndani, hata balbu ya sebuleni ilikuwa na pete yake.

Shemeji alisema ni mtoto wa jicho. Mama jirani aliniletea majani yaliyopondwa ili niyakamulie machoni; nilimshukuru nikayaweka kando, na hadi leo ninafurahi kwamba hayakugusa macho yangu. Muuguzi wa zahanati moja hakuuliza hata ninatumia dawa gani. "Mama, huo ni umri tu," aliniambia, akanielekeza kwa muuza miwani, nami nikaacha huko dola kumi na kitu bila pete hata moja kuondoka.

Kosa kubwa zaidi nililifanya mwenyewe. Nilisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, nikaona macho yametajwa, nikaamua kuacha vidonge bila kumwambia mtu yeyote, nikiamini kwamba kama dawa ndiyo chanzo, majuma mawili yatatosha kuonyesha ukweli. Kila jioni nilitoka barazani kuzitazama taa. Majuma mawili yalipita, kisha manne, pete zikiwa zilezile, nikajihakikishia kwamba dawa haikuhusika. Katika juma la sita, nikiandika ubaoni, moyo ulianza kukimbia, ukaruka mapigo, ukakimbia tena, na chaki ikanidondoka. Wanafunzi wawili walinishika, wa tatu akavuta kiti.

Daktari wa moyo hakunigombeza. Alinieleza kwamba dawa hii hujificha katika mafuta na nyama za mwili, na kwa wastani nusu yake tu huchukua karibu miezi miwili kutoka. Kwa hiyo jaribio langu halikuthibitisha lolote kuhusu macho, lakini lilikuwa likiuacha moyo bila kinga kidogo kidogo. Nilirudia vidonge kwa maelekezo yake, akanituma kwa daktari wa macho.

Huyo alinimulika kwa mwale mwembamba wa taa, kisha akanichorea alichokiona: mistari ya rangi ya dhahabu iliyoungua, inayojipinda kutoka sehemu moja ya kioo cha mbele cha jicho, kama nywele zinavyozunguka utosini mwa mtoto. Karibu kila anayetumia dawa hii kwa miezi mingi huwa nayo. Kwa kawaida haipunguzi uwezo wa kuona, na hufifia miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Alichokitafuta kwa bidii zaidi kilikuwa nyuma ya jicho, yaani mshipa wa fahamu, kwa sababu mara chache sana dawa huudhuru, na hapo mtu anaweza kupoteza kuona. Wangu ulikuwa mzima.

Tangu hapo nimechora mstari wa chaki kwenye sakafu ya saruji, mbele ya kalenda ya parokia. Kila Jumamosi ninasimama hapo na miwani yangu, nikifunika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, kwa sababu macho mawili yakitazama pamoja, lililo zima huficha udhaifu wa mwenzake. Ninachosoma nakiandika daftarini. Herufi zikififia au giza likitokea upande wowote, nitakwenda kwa daktari siku hiyohiyo, vidonge vikiwa mkobani. Juani ninavaa kofia pana, maana dawa hii huifanya ngozi iungue upesi, na kila miezi sita ninapimwa damu kwa ajili ya ini na tezi ya shingo, kwa kuwa dawa yenyewe ina madini ya joto (iodini) mengi.

Jumamosi iliyopita jicho la kushoto lilisoma hadi jina la mtakatifu wa tarehe 30, na la kulia vilevile.