Wale 18 wa Siloamu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Luka 13:1-5.

Watu walimjia Yesu na habari moto moto: Pilato amewaua Wagalilaya, damu yao ikachanganyika na ya dhabihu zao. Yesu akawaongezea ya pili, ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. (Kumbe naye habari za mjini alikuwa nazo!) Alijua pia swali walilolificha chini ya ulimi: hao walikuwa wenye dhambi kuliko wengine? Akasema sivyo. Kisha akawageuzia wao: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo.

Nikifika hapo nakumbuka Solai. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka, maji yakashuka gizani, watu zaidi ya 40 wakafa. Asubuhi simu zetu hapa Nakuru mjini zilijaa picha, na nikamsikia mtu, tena mlangoni pa kanisa, akisema hiyo ni hukumu ya Mungu. Hukumu ya nani? Ya mtoto aliyekuwa kitandani? Nilinyamaza, na hadi leo najilaumu.

Lakini mimi nami si mwema sana. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 mafuriko yalipoipiga Mai Mahiu, tuliambiwa ni bwawa tena. Nikaisambaza hiyo kwa kina mama wote, na picha, na maneno makali juu ya wenye mabwawa. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalijikusanya kwenye tuta la reli, njia yake ya chini ilipoziba, mpaka yakabomoa. Sikumrudia hata mmoja kumsahihishia. Habari ilikuwa imepoa, mimi nimeshahamia nyingine.

Zamani hilo "msipotubu" nililisikia kama kemeo la wapagani. Siku hizi linanikuta na simu mkononi.

Jumatano iliyofuata, kwenye ushirika, mama mmoja mzee alituzuia kabla hatujaanza maombi. Akauliza, "Jamani, nani hapa ana mtu wake kule Mai Mahiu?"

Mikono miwili ikainuka. Mmoja ulikuwa wa jirani yangu. Nilikuwa nimemtumia zile picha saa tatu asubuhi, bila hata salamu.