Nilivyopanga madirisha ya kompyuta ofisini Malaba

Kazi ya kutoa mizigo forodhani ni kazi ya karatasi, na siku hizi karatasi zote ziko kwenye skrini. Kontena moja la vigae kutoka Mombasa huja na ankara, pakingi listi na hati ya shehena, bila kusahau jumbe za WhatsApp za mwenye mzigo aliyeko Kampala, anayeuliza tangu alfajiri ushuru umefika ngapi. Ongeza ASYCUDA, mfumo wa forodha tunamojazia entri (matamko ya mizigo) za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ongeza Excel ya hesabu, ongeza kitabu cha tarifa cha Afrika Mashariki, chenye namba za bidhaa na viwango vya ushuru. Huo ni mzigo mmoja tu, na mteja hawi mmoja.

Kilichonichosha hakikuwa kazi yenyewe bali kutafuta. Ukibonyeza alama ya PDF chini ya skrini, vinajitokeza vipicha vya ankara, vyote vyeupe, vyote vinafanana. Unamtafuta mzee wa vigae, unamfungua mama wa mitumba.

Dawa ilikuwa ndani ya mashine siku zote. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, unaweza kuwa na desktopu kadhaa kwenye kompyuta moja, kila moja na madirisha yake. (Watu wa Linux wanatucheka, kwao jambo hili ni la kale.) Shika kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, bonyeza D: inafunguka desktopu mpya, tupu kabisa. Ukitumia mishale ya kushoto na kulia badala ya D, unahama kutoka moja hadi nyingine. Windows na Tab hukuonyesha zote, na hapo unaweza kubofya jina la desktopu uandike lako. Yangu ya kwanza inaitwa OFISI, zinazofuata zina majina ya mizigo: VIGAE, MITUMBA, VIPURI.

Mwenzangu wa meza ya pili anagawa kwa programu: PDF zote huku, Excel zote kule. Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Entri moja inagusa kila programu, kwa hiyo yeye anashinda akirukaruka kama kawaida, ila sasa anaruka mbali zaidi. Gawa kwa mzigo. Ukiingia VIGAE, usikute kitu kisichohusu vigae.

Ndani ya desktopu ya mzigo mpangilio wangu haubadiliki. Ankara naipeleka kushoto kwa Windows na mshale wa kushoto. Inashika nusu ya skrini, kisha mashine yenyewe inaniuliza nusu ya pili niweke nini. Nachagua ASYCUDA. Hapo jicho linasoma idadi ya katoni, uzito na thamani upande mmoja, mkono unajaza upande wa pili, na hakuna dirisha linalofunika lingine. Kwa mtu anayenakili tarakimu kutwa nzima, hii peke yake inatosha kumshawishi.

Tarifa ni habari nyingine, maana kila mzigo unaihitaji. Tangu Julai 2022 ngazi kuu za ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni nne, 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na namba ya bidhaa ina tarakimu 8, huwezi kubahatisha. Basi kwenye Windows na Tab nabofya dirisha la tarifa kwa kitufe cha kulia na kuchagua lionekane kwenye desktopu zote. Linanifuata kila niendako. WhatsApp sikuipa heshima hiyo. Inakaa OFISI pamoja na barua pepe, nami ndiye ninayeifuata. Dereva akiandika "Bosi, karatasi yangu imefika wapi?" atajibiwa nikimaliza ukurasa, wenye haraka hupiga simu.

Jambo moja watu hawaambiwi: desktopu nyingi haziongezi nguvu ya mashine. Programu zote bado zinakula memori ileile, na kwenye kompyuta ya ofisi yenye RAM ndogo utaliona hilo haraka. Na umeme ukikatika, ukiwasha tena utakuta desktopu zipo na majina yake, lakini madirisha hayapo. Ndiyo maana kila mzigo una folda yenye jina lilelile la desktopu. Kufungua upya ni suala la dakika.

Lori likisharuhusiwa kuondoka, nafunga kwanza madirisha kwa Alt na F4, ndipo naiondoa desktopu kwa Windows, Ctrl na F4. Ukiiondoa ikiwa imejaa, madirisha hayafi, yanahamia kwa jirani, na mtiririko wa mzigo mwingine unavurugika.

Bosi ameahidi skrini ya pili. Ukihama desktopu, skrini zote mbili huhama pamoja, kwa hiyo huko nitaiweka tarifa, iliyokwisha kuruhusiwa kuonekana kote, na ankara ipate nafasi ya kupumua.