Pailoti Iliyozima Kila Usiku

Juzi kijana ninayemfundisha kazi alinifuata na fomu ya huduma mkononi. "Fundi, hapa kwenye sababu ya hitilafu, niandike kosa la mtumiaji?" Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Mtu alikuwa ameiosha mashine ya vyombo kwa mpira wa maji, na maji yalikuwa bado yanachuruzika ndani ya boksi la umeme. Nilimwambia aandike. Lakini siku nzima iliyobaki nilikuwa naiwaza fraya moja, mashine ya kukaangia chakula kwenye mafuta mengi, niliyowahi kuitwa kuitengeneza.

Ilikuwa fraya ya gesi ya zamani kidogo, ile yenye mabomba ya moto yanayopita katikati ya tangi la mafuta. Malalamiko yalikuwa mamoja tu: kila asubuhi wakifungua jiko, pailoti, ule mwali mdogo unaowasha moto mkubwa, imezima. Wakiiwasha, mashine inafanya kazi vizuri hadi usiku. Mafundi waliotangulia walibadilisha themopaili, kifaa kinachogeuza joto kuwa umeme, kisha valvu ya gesi. Kesho yake, pailoti imezima vilevile.

Nilipoitwa nilifanya vipimo vyote. Themopaili ilitoa zaidi ya millivoti 500, kiwango kizuri kabisa. Themostati, yaani kidhibiti joto cha mafuta, ilikata na kurudisha moto karibu na nyuzi 180 kama nilivyoiweka. Bana, yaani kichomeo cha gesi, ilikuwa safi, hakuna upepo unaopuliza mwali. Kwa wasiozijua, fraya za aina hii hazitegemei umeme wa ukutani. Mwali mdogo wa pailoti huipasha moto themopaili, themopaili huzalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaoishikilia valvu ya gesi iwe wazi. Katikati ya njia hiyo kuna swichi ya usalama, hailimiti, ambayo hukata joto likipanda hadi karibu nyuzi 230. Ikikata, valvu inafunga na pailoti inakufa. Hailimiti ya fraya ile ilikuwa ya kujirudisha yenyewe ikishapoa. Ndiyo maana kila aliyekuja asubuhi au mchana aliikuta mashine nzima, haina alama ya kilichotokea.

Meneja alikuwa amechoka. "Badilisha na hiyo hailimiti basi, tumalize." Nilimwomba aniache nikae jikoni hadi wafunge.

Saa ya kufunga ilipofika, kijana wa zamu alikuja na ndoo ya kuchujia mafuta, akaisukuma chini ya fraya, akafungua koki. Mafuta yakaanza kushuka. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Nilikuwa nasubiri mkono mmoja uende kwenye kitasa cha gesi. Haukwenda. Alisimama ameshika brashi, anaangalia mafuta yanavyopungua, mtu mwangalifu anayejali kazi yake. Usawa ukashuka, kijiti cha themostati kinachopima joto kikachomoza kutoka kwenye mafuta kikabaki hewani, na baada ya muda mfupi nikasikia valvu ikifunguka na moto ukavuma ndani ya mabomba. Hapo nilielewa kila kitu. Themostati haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imeachwa hewani, ikaona joto limepungua, ikaagiza moto. Mashine ilidhani mafuta yamepoa, kumbe mafuta hayapo. Mabomba yalikuwa matupu, bila chochote cha kupokea lile joto. Utando wa mafuta uliobaki juu yake ulianza kutoa moshi, mwembamba kwanza, halafu mzito wa kubluu unaowasha macho, na chuma kikaanza kubadilika rangi mbele yangu. Mafuta ya kupikia yakikaribia nyuzi 360 huweza kuwaka yenyewe bila kuguswa na mwali wowote. Nikaruka kukifikia kitasa. Kabla sijakigusa, tak, moto ukakata. Nikazungusha kitasa hadi mwisho, nikainama kuchungulia. Pailoti ilikuwa imekufa.

Kila usiku, jiko lile lilikuwa linaokolewa na swichi ileile ambayo nilikuwa nimeambiwa niitoe.

"Mdogo wangu, mbona hukuzima gesi kwanza?"

"Fundi, mafuta yakipoa hayachujiki. Ndivyo nilivyoelekezwa."

Na ni kweli, mafuta yaliyopoa huwa mazito na huchujika kwa shida. Alikuwa amepewa nusu ya maelekezo, akaishika vizuri. Nilimuuliza aliyemwelekeza ni nani, akasema ni mwenzake aliyekuwepo kabla yake, ambaye alishaondoka. Nikafungua mlango wa chini wa fraya. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imebandikwa pale, imefunikwa na grisi nyeusi. Niliisugua kwa kitambaa chenye sabuni hadi herufi zikaonekana: kabla ya kumwaga mafuta, zima. Aliisoma polepole. "Hii sijawahi kuiona." Nilimwamini, na bado namwamini.

Tukarudia hatua zote pamoja. Zima gesi, ndipo ufungue koki. Mafuta yatabaki na moto wa kutosha kuchujika. Funga koki, jaza hadi mafuta yapite juu ya mabomba na kufika kwenye mstari, ndipo uwashe. Alishika mara moja.

Kwenye fomu nilieleza kwa maneno: moto uliachwa ukiwaka wakati wa kumwaga mafuta, maelekezo hayasomeki, mfanyakazi hakufundishwa. Nikaweka alama pia kwenye kisanduku cha kosa la mtumiaji, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisanduku hicho kina uzito, maana ndicho kinachoamua nani alipie safari ya fundi, na kama dhamana itagharamia kitu au la. Meneja alipitisha macho, akasimama kwenye ile alama. "Alikuwa nani zamu ya usiku?" Sikumjibu. Lakini ratiba ya zamu ilikuwa ukutani nyuma yake.

Niliporudi kwa huduma ya kawaida, pailoti ilikuwa haijazima tena. Kijana hakuwepo. Mmoja aliniambia amehamishwa, mwingine akasema aliacha kazi mwenyewe. Sikupata jibu zaidi ya hayo.

Jambo linaloniuma ni kwamba themopaili na valvu zilizotolewa mwanzoni huenda zilikuwa nzima kabisa, na mteja alizilipia. Waliozibadilisha hawakuulizwa na mtu. Fomu zetu zina mahali pa kuandika kosa la anayeitumia mashine. Hazina mahali pa kuandika kosa la anayeitengeneza, wala la aliyemweka mtu mbele ya mafuta ya nyuzi 180 bila kumfundisha.

Siwezi kuacha kuweka ile alama inapostahili. Nikiikwepa, mabomba yataendelea kuungua, na ipo siku hailimiti haitawahi. Ila siku hizi kabla sijaiweka, namwomba meneja na mfanyakazi wasimame pamoja mbele ya mashine, na meneja ndiye anayetangulia kunionyesha jinsi inavyotumika. Mara nyingi naye hajui. Kama hilo linamlinda yule wa chini yake nikishaondoka, sina hakika.