Siku moja zamuni: Habari ya Affan

Saa 10 alfajiri

Ijumaa, Agosti 29, 2025. Zamu yangu kwenye meza ya habari za kimataifa huanza watu wakiwa bado usingizini. Jakarta iko mbele yetu kwa saa 4, kwa hiyo kwao ilikuwa saa 2 asubuhi na jua limeshapanda. Nilipowasha kompyuta, jina moja lilikuwa limejaa kila mahali: Affan Kurniawan, miaka 21, dereva wa pikipiki. Jioni ya jana yake, Pejompongan, katikati ya Jakarta, gari la deraya la Brimob, kikosi maalumu cha polisi, lilimgonga wakati polisi wakiwatawanya waandamanaji.

Video niliitazama mara moja. Gari linakuja kwa kasi, watu wanatawanyika, linamgonga, linasita kidogo, kisha linasonga mbele juu yake. Watu wanalikimbilia wakilipiga. Sikuirudia.

Saa 11

Kijana ninayefanya naye zamu alikuwa ameshaandika sentensi ya kwanza: "Mtu mmoja amepoteza maisha katika maandamano nchini Indonesia."

Sikumlaumu, maana hata mimi nimeiandika sentensi hiyo miaka nenda miaka rudi, nikibadilisha jina la nchi tu. Lakini asubuhi ile haikunipita kooni. "Mtu mmoja", na jina lake tunalo, kazi yake tunaijua. "Katika maandamano", na taarifa zinasema alikuwa anapeleka chakula cha mteja. Alikuwa kazini, na maandamano yalikuwa barabarani kwake.

Lililonichoma zaidi ni "amepoteza maisha". Tunalitumia kwa heshima, na kwa aliyezama baharini au aliyeugua halina ubaya. Kwa Affan, linafanya uhai uonekane kama ulimponyoka mwenyewe mkononi. Kiswahili kina "na" ya mtenda, herufi mbili tu, na sisi watu wa habari tunaibana kana kwamba inalipiwa. Amegongwa *na* nani? Tukaandika: "Dereva wa pikipiki wa miaka 21, Affan Kurniawan, amefariki dunia baada ya kugongwa na kukanyagwa na gari la polisi mjini Jakarta." Kugongwa peke yake hakutoshi, kwa sababu gari lilisita, kisha likaendelea.

Saa 12 na nusu

Taarifa ikaenda hewani. Wakati huo picha za mazishi kwenye makaburi ya Karet Bivak zilikuwa zinaingia. Maelfu ya madereva wenzake walimsindikiza na pikipiki zao, jaketi za kijani kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Wengi hawakuwahi kumwona akiwa hai. Walilitambua jaketi.

Saa 2

Neno lililonisumbua muda mrefu zaidi siku ile ni la kazi yake. Waindonesia husema *ojol*: ojek ni pikipiki ya abiria, na hii ni ile inayoitwa kwa mtandao. "Bodaboda wa mtandaoni" inaeleweka upesi, nikaichukua. Ila kampuni za programu hizi huwaita madereva *mitra*, yaani washirika. Neno tamu, lakini mshirika huyu hapangi nauli, na gharama za pikipiki ni zake. Mei 20 mwaka huohuo madereva hawa waliingia barabarani kudai makato ya kampuni yasizidi asilimia 10. Nikakataa kuandika "mshirika".

Sisi tunalo neno la zamani: kibarua. Asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu ili afanye kazi ya siku. Oda inayolia kwenye simu ni barua ndogo vilevile. Affan alikuwa na moja mkononi.

Saa 4

Kikao cha wahariri. Nilipewa dakika 2 za mchana, nikaomba 3 ili niweke chanzo, nikapewa. Maandamano yalianza Agosti 25 kwa hasira ya posho ya nyumba ya wabunge, rupia milioni 50 kwa mwezi, karibu mara 10 ya kima cha chini cha mshahara cha Jakarta. Ukiiacha hiyo nje, msikilizaji anabaki na fujo tu, za watu wa mbali.

Mzee mmoja wa chumba cha habari, ninayemheshimu sana, akaniuliza: "Mdogo wangu, una hakika walikusudia? Usije ukahukumu."

Nikamjibu, "Kaka, sentensi haisemi walikusudia. Inasema gari lilikuwa la nani."

Akaisoma tena, akaipitisha. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na nimelihifadhi: ukali wa neno usizidi ushahidi, na upole wake usiufiche.

Saa 8 mchana

Askari 7 waliokuwa ndani ya gari wametajwa kukiuka maadili ya polisi na watazuiliwa siku 20. Mkuu wa polisi, Listyo Sigit Prabowo, ameomba radhi. Rais Prabowo Subianto amesema ameshtushwa na kusikitishwa na vitendo vya askari vilivyopita kiasi, na ameagiza uchunguzi. Majina yanafanana, kwa hiyo nikamwandikia msomaji wa taarifa pembeni kwa wino mwekundu: *hawa ni watu wawili.*

Chakula sikukikumbuka hadi saa 9.

Saa 12 jioni

Nilikawia kuondoka. Wa zamu ya usiku, binti mwepesi wa kazi, aliingia tukapitia daftari: Affan kwa f mbili, aligongwa *na* gari la polisi, alikuwa kazini. Nikiwa nafunga begi ikaingia habari mpya, rais ameitembelea familia yake usiku huohuo.

"Dada, nianze na rais?" akaniuliza. Kwa kanuni zetu za kawaida, ndiyo: kilicho kipya hutangulia, na mkubwa hutangulia.

"Anza na Affan," nikamwambia. "Rais amekwenda kwake."

Akafuta mstari wa kwanza, akaanza upya.