Sarafu ya Shaba Kwenye Mpini: Siku Moja Mezani kwa Nyuta Kuukuu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nje bado giza. Grand Rapids mwishoni mwa Septemba jua linachelewa kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Mjomba amepiga kutoka Kitui, kule ni saa saba na nusu mchana na ameshakula. Swali lake ni lile lile la kila wiki: "Kijana, kweli Wazungu wanakulipa kuangalia nyuta?" Wananilipa, mjomba. Akacheka hadi akakohoa. "Ule wa babu yako hatukuulizana ulitengenezwa lini. Tuliuliza tu kama unafika." Nikimsikiliza, chai ikafurika jikoni.

Saa mbili nafungua duka. Tunauza vifaa vya uwindaji, na kwenye chumba cha nyuma tunanunua na kuuza vya mkono wa pili. Hapa Michigan msimu wa kuwinda kulungu kwa uta unafunguliwa Oktoba 1, kwa hiyo wiki hii watu wanachimbua magereji na kuleta chochote kilichopinda.

Mezani zimelala nyuta tatu za jana. Wa kwanza ni rahisi: umeandikwa kwa mkono, kwa wino, jina la Damon Howatt, aina yake na uzito wa kuuvuta. Huyo alikuwa mtengenezaji wa Yakima, jimbo la Washington. Wa pili ni Ben Pearson wa Pine Bluff, Arkansas, uta wa mtoto, hauna thamani kubwa. Wa tatu ndio unaonikera. Kuna mtu aliupiga msasa, akaupaka vanishi inayong'aa kama meza ya hoteli. Maandishi yote yamekwenda na vumbi. Mimi husema afadhali uta wenye mikwaruzo hamsini kuliko uta uliopendezeshwa.

Saa nne akaingia mama mmoja wa makamo, mvi zake amezikata fupi, amebeba kitu kirefu ndani ya foronya. Akakilaza mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Ni wa baba," akasema. "Aliununua 1953, alipotoka vitani Korea. Mwaka umeandikwa hapo."

Umeandikwa kweli. Karibu na mpini, kwa herufi ndogo: namba ya hataza, yaani haki ya ubunifu, ya Marekani, 2,613,660, halafu neno Canada, halafu 1953. Kila mwezi hawakosi watu wawili wanaoniletea mwaka huo. Ni uta wa Bear, kampuni ya Fred Bear aliyeanzia Detroit, akahamia mji mdogo wa Grayling, kaskazini mwa jimbo letu, mwaka 1947. Hataza ya Marekani ilitoka 1952, ya Kanada 1953, na maneno hayo yakaendelea kuchapishwa kwenye nyuta miaka mingi baadaye. Yanakwambia haki ya ubunifu ilisajiliwa lini. Uta wenyewe ulitoka kiwandani lini, hayasemi.

Sikumwambia papo hapo. Nilichukua kioo cha kukuza na kitambaa chenye spiriti kidogo, nikafuta mpini kwa upole. Chini ya uchafu wa jasho la miaka ikajitokeza sarafu, upana wake kama ukucha wa kidole gumba, imezama sawasawa na mbao. Ukipitisha kidole huoni ukingo. Ndani yake dubu. Rangi ni ya njano, ile ya bomba la zamani la maji.

Sarafu hizi ndizo kalenda yangu. Bear walianza kuzitia mwishoni mwa miaka ya hamsini, na madini yakawa yanabadilika. Shaba ya njano ni 1963 hadi 1970. Nyeupe ya nikeli ni 1971 na 1972. Kuanzia 1973 haizami tena, imetuna juu ya mbao, hata kipofu angeitambua.

Halafu kuna jina. Kwenye mkono wa uta, ile sehemu inayopinda, limeandikwa Super Kodiak, na Super Kodiak ya kwanza ilitoka 1967. Kwa hiyo jina linafunga mlango wa nyuma na sarafu inafunga wa mbele: kati ya 1967 na 1970. Neno Grayling nalo lipo, linakubaliana, maana kiwanda kilihamia Gainesville, Florida, mwaka 1978.

Nikamweleza. Alinyamaza, akaangalia ile 1953 kana kwamba imemdanganya kwa makusudi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwonyesha sarafu ya nikeli kwenye uta mwingine rafuni, aweke macho mwenyewe. Akaniachia uta niupime, akasema atarudi jioni.

Saa saba, chakula. Mwenzangu wa stoo, Mkongo wa Kivu, ana bugali na sombe, majani ya muhogo, mimi nina mkate. Akaniangalia kwa huruma. "Mukubwa, ile mama ulimunyanganya miaka kumi na ine." Nikamwambia sikumnyang'anya, nimemwondolea ile isiyo yake. Hakuridhika. Akanimegea bugali hivyo hivyo.

Saa nane nikarudi kwenye Super Kodiak. Kabla ya kuvalisha upote, kamba ya uta, kuna mambo hayarukwi. Nikachukua kipande cha pamba, nikakipitisha kwenye kingo za mikono yote miwili. Pamba ikinasa, kuna ufa au tabaka linabanduka. Haikunasa. Nikafunga jicho moja, nikautazama kutoka ncha hadi ncha kama fundi anayechagua ubao: haujajipinda upande. Faibaglasi ina vistari vidogo, lakini vya juu juu.

Nina sababu ya kuwa mwoga. Miaka miwili iliyopita nilivalisha uta wa mteja kwa kuupitisha mguuni, kwa haraka, bila kuuangalia. Ulilia kama kuni inayopasuliwa, mkono wa chini ukajipinda na haukurudi. Nililipa kwa mshahara wangu. Siku hizi natumia kamba ya kuvalishia, unakanyaga katikati na kuvuta mpini juu, mikono yote inapinda kwa usawa. Na upote ni wa dakroni tu, ile inayonyumbuka. Nyuzi ngumu za kisasa zinakata ncha za nyuta za umri huu.

Uta ni wa inchi 60, upote wa inchi 56 ukakaa vizuri. Nguvu ya kuuvuta imeandikwa ratili 45. Nikauvuta kwenye mizani hadi inchi 28: ratili 43. Kwa mzee wa zaidi ya nusu karne, hongera.

Saa kumi na moja mama akarudi. Kabla sijafungua mdomo akasema amefikiri akiwa kwenye gari. "Mimi nilizaliwa 1961. Na nakumbuka boksi lake. Nakumbuka harufu ya vanishi baba alipolifungua jikoni, mama akamwambia akalifungulie nje." Akasita. "Ulikuwa mpya. Nimekumbuka siku zote kwamba ulikuwa mpya, na bado nikawa nawaambia watoto ni wa 1953."

Korea baba alikwenda kweli, akasema. Uta ndio ulikuja baadaye, alipotoka zamu ya usiku kiwanda cha samani na kuanza kuwa na jioni zake.

Nikamwandikia kadi: Bear Super Kodiak, Grayling, 1967–1970, ratili 43. Bei hakuuliza. Aliurudisha kwenye foronya, nikamkumbusha auvue upote kila akimaliza na asiuegemeze ukutani.

Saa kumi na mbili nazima taa. Ule uliopigwa msasa bado upo mezani. Nimeupima urefu, nimehesabu matabaka ya mbao, nimeuelekeza dirishani kutafuta kivuli cha herufi. Hakuna kitu. Nimeurudisha rafuni, kesho nitaujaribu tena kukiwa na mwanga wa asubuhi.