Barafu Iliyokuwa Ikialika

Juzi mwanangu alidondosha kipande cha barafu kwenye glasi ya maji. Kikaalika. Akatega sikio, akauliza, "Mama, inasema nini?" Nikabaki nimeshika jagi mkononi. Sauti ile naijua.

Mwaka ule wa meli ya utafiti tulikuwa Hydrate Ridge, mgongo wa chini ya bahari nje ya pwani ya Oregon, Marekani, tukitafuta haidreti ya methani, barafu iliyofungia gesi. Safari yenyewe siisimulii: kichefuchefu, zamu za saa 12, matope, basi. Usiku mmoja likapandishwa bomba lililojaa mashapo, matope yaliyotuama kwenye sakafu ya bahari, chini ya maji ya karibu mita 800. Tukalilaza sitahani, likapitishiwa kamera ya kupima joto. Kwenye skrini rangi ilikuwa ileile, ileile, halafu ghafla doa la baridi. Mkuu wangu akaweka kiganja juu ya mrija wa plastiki.

"Ipo hapa," akasema. "Imeanza kuyeyuka, ndiyo maana inanyonya joto. Haraka, binti yangu."

Tukakata. Harufu ya yai bovu ikatupiga usoni. Ndani ya matope ya kijivu palikuwa na mshipa mweupe, mnene kama kidole gumba. Nikabandua kipande nikakiweka juu ya glavu. Kilitoa povu pembeni na kikawa kinaalika, ta, ta, halafu mluzi mwembamba. Kazi yangu ilikuwa kukitia kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, ili kisiyeyuke, hatua mbili tu kutoka niliposimama. Nikakisogeza sikioni.

Haidreti ya methani si barafu ya kawaida. Ni maji yaliyojijenga vizimba, na karibu kila kizimba kimefungia molekuli moja ya gesi. Vijidudu vilivyofukiwa matopeni hula mabaki ya viumbe, hutoa methani, na methani ikikutana na baridi na mgandamizo wa kutosha, maji huizunguka na kuganda nayo. Mita moja ya ujazo huweza kubeba gesi ya mita za ujazo 160 hivi. Wala haikai ikatulia. Kadiri unavyoshuka ndani ya mashapo ndivyo joto la ardhi linavyopanda, hadi pale ambapo vizimba haviwezi kusimama. Matope mapya yakirundikana juu, mpaka ule nao hupanda; haidreti ya chini huyeyuka, gesi yake hupenya kwenda juu, na huko huganda tena. Huo mshipa wangu huenda ulishawahi kuwa gesi mara nyingi.

Nilipokuja kushtuka, juu ya glavu palikuwa na maji na tope. Mkuu wangu hakunigombeza. Aliniambia tu niandike saa.

Kesho yake maji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ile ya bomba yalipimwa. Chumvi ilikuwa pungufu. Haidreti ikiganda huiacha chumvi nje, ikiyeyuka hutoa maji matamu, na hiyo ndiyo alama pekee iliyobaki ya kipande changu. Mpaka leo sijajua niseme nini juu ya dakika ile. Sampuli ilikuwa ya wote, na sauti niliisikia peke yangu.

"Ni hewa," nikamjibu mwanangu. "Ilifungiwa humo, sasa inatoka."

"Nani aliifungia?"

"Maji."

Akainamia glasi tena. Nami nikainama upande wa pili, tukasikiliza mpaka kipande kikaisha.