Moshi peke yangu, na benchi la fundi cherehani

Nilikuwa nasafiri peke yangu na nilitaka kufahamiana na wenyeji. Shoga yangu wa Dar ndiye aliyenipa ushauri: "Ukifika Moshi, jioni kaa baa ya wazi, agiza kinywaji, watu watajileta wenyewe." Kweli walijileta. Soda yangu haijafika nusu, kaka wa meza ya pili kanitumia nyingine, kizibo kimeshatoka. Nikamwambia mhudumu airudishe. Soda yangu hufunguliwa mezani, nikiangalia. Basi kaka akahamia kwangu kuuliza kosa lake. Nimefikia wapi? Niko na nani? Naondoka lini? Nikamjibu niko kwa shangazi Majengo na mjomba yuko njiani kunichukua (mjomba gani, sina mtu Moshi), nikaondoka chipsi zikiwa bado za moto. Zile chipsi zinaniuma hadi leo.

Asubuhi nikatumia akili zangu. Moshi mjini mafundi cherehani wanashonea barazani, mbele ya maduka ya vitambaa, na pembeni ya fundi hakukosi benchi. Nikanunua kitenge cha yadi 6, nikaenda kukaa. Ujanja ni kutoshona vyote siku moja: leo sketi, kesho blauzi, keshokutwa unarudi kupunguza kiuno. Kwa siku tatu una sababu ya kukaa palepale, na hakuna anayejiuliza huyu dada anangoja nini. Nenda saa tatu hadi saa tano asubuhi, wanawake wanapopita kujaribu nguo wakitoka sokoni. Ukienda alasiri utamkuta fundi anakimbizana na kazi alizoahidi jana, hana mdomo. Na kaa upande wa kioo, maana anayejaribu nguo atakuuliza tu. Mama mmoja aligeuka: "Mwanangu, imenikaa?" Nikamwambia nyuma inapanda. Fundi alinitazama kama nimemtukana, mama akamgeukia yeye, na mimi tayari nimepata mtu.

Shikamoo kwa mtu wa Tanga ni kama kupumua, kwa hiyo nikaongeza "Shimbonyi", salamu ya Kichaga niliyojifunza kwenye basi. Usijaribu kuitamka vizuri sana! Mama wa Machame akanirekebisha, wa Rombo, Mchaga wa upande mwingine, akamrekebisha wa Machame, wakabishana robo saa nzima mimi nikiwa katikati nakula ndizi mbivu za mtu. Yule mama wa kioo akanialika mtori, supu ya ndizi na nyama, Jumapili, kwake Uru, juu ya mji.

Sikukubali papo hapo. Namba ya simu nachukua mimi, yangu sitoi. Halafu naanza kama namtumia shilingi 1,000 kwa simu: jina la mwenye laini linatokea kabla hujaingiza namba ya siri. Likilingana na alilokutajia, unaghairi na hela yako inabaki. Yule kaka wa baa alinisomea namba bila kuombwa. Nilipoijaribu likatoka jina la mwanamke. Lake mama lilikuwa sawasawa, hata mbele ya fundi wanamwita hivyohivyo.

Jumapili nilipanda daladala ya Uru asubuhi, siti ya pembeni ya bibi mwenye kikapu, si ile ya nyuma. Dada yangu Tanga nilimwachia jina la mama na namba yake. Saa tisa nikaaga, maana magari ya kushuka mjini hupungua jioni, na kulala ugenini kwa kukosa usafiri si mpango. Binti yake ndiye aliyenipeleka maporomoko ya Materuni, tukalipa kiingilio na kununua kahawa iliyokaangwa na kutwangwa palepale; yote haikuzidi sana nauli ya basi langu la kurudi.

Desemba usijaribu haya. Wachaga wote wako njiani kurudi nyumbani, mabasi yamejaa, na fundi ana nguo za sikukuu hadi dirishani. Benchi lenyewe limewekewa vitambaa. Mimi nilikwenda Juni, baridi kali, na blauzi bado ina mkono mmoja mfupi. Mama anasema nirudi nayo, fundi hajasahau.